Fundi kahifadhi picha alizookoa juu ya picha ambazo hajaziokoa, halafu anadai nimmalizie hela

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, ila kila nilichokiweka hapa nina ushahidi wake. Duka silitaji kwa sasa kwa sababu suala nalipeleka mbele. Ninachotaka mjue ni kile ambacho baadhi ya mafundi wa hapa Kariakoo wanazifanyia diski za watu, maana unampelekea kitu kinachookoleka, anakurudishia vipande, na bado anataka umshukuru.

Diski ni ya nje, terabaiti 1, hizi ndogo za kuchomeka kwa waya wa USB. Humo ndani kuna picha za ukoo wetu wote, wa Tanga mjini na wa Muheza. Picha za karatasi za marehemu baba, kuanzia miaka ya 1960 alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, niliziskani moja moja kwa nukta 600 kwa inchi na kuzihifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha isiyopunguza ubora, kila moja karibu megabaiti 20. Karatasi zenyewe hazipo tena, mchwa walimaliza kabati zima la shangazi. Nakala ya pili ilikuwa kwenye laptopu, wezi wakaingia nyumbani wakaondoka nayo. Diski mpya ya kuweka nakala nilikuwa nimeshainunua, iko mezani. Namalizia kuingiza picha za arobaini ya baba ili nianze kunakili, umeme ukakatika. Uliporudi, Windows ikagoma kuisoma diski, ikawa inataka niifomati kwanza. Nikakataa, nikaichomoa, na sikuichomeka tena mahali popote.

Kwa wasiojua kilichoharibika hapo. Diski nyingi za nje huwekwa mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT ili zisomeke kwenye Windows na kwenye Mac. exFAT haitunzi kumbukumbu ya kila hatua inayoandikwa kama NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, inavyofanya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha inayosema faili gani iko wapi inaweza kuvurugika. Kinachovurugika ni orodha. Picha zenyewe zinabaki palepale zilipokuwa. Kuzitoa hapo ni kazi inayojulikana duniani kote, na sharti lake la kwanza ni kwamba hakuna kitu kipya kinachoandikwa kwenye ile diski, hata herufi moja.

Hilo nilimwambia fundi kwa mdomo mbele ya kijana wake wa kaunta. Nikasimamia mpaka akaliandika kwenye risiti: "HDD 1TB, kutoa picha, isiandikwe kitu." Risiti ninayo. Bei aliitaja yeye, laki tatu, nikatoa nusu palepale. Sikubishana naye hata shilingi, kwa sababu kazi ya ujuzi hulipiwa na mimi nilikuwa tayari kulipia ujuzi.

Kesho yake ananitumia sauti WhatsApp. Namnukuu: "Dada hii diski yako imekufa. Nimeipiga chkdsk imegoma, ikabidi niifomati ndio ikubali kusoma. Sasa hivi inasoma vizuri, naanza kuvuta picha, wewe tulia."

Nilisimama katikati ya barabara. Nikampigia hapo hapo, nikamwambia acha, zima kila kitu, nakuja kuichukua. Akanijibu kwamba watu wanaosoma mambo mtandaoni ndio wanaowasumbua mafundi, yeye kazi hii ameianza zamani.

Tuanze na hiyo chkdsk. Ni amri ya Windows ya kuhakikisha mpangilio wa diski hauna kasoro. Picha zako haizijali. Ikiambiwa irekebishe, na ikakuta vipande isivyojua vya faili gani, inavikata na kuvifungia kwenye faili za .CHK, na inabadilisha ile ile orodha ambayo mtaalamu angeitumia kurudisha majina na mafolda. Yaani kabla hajatoa hata picha moja, huenda alishaandika juu ya diski. Kisha akafomati. Fomati ya haraka haifuti picha zote, hilo ni kweli, na nasema hivi ili mwingine yeyote aliyefanyiwa asikate tamaa mapema. Lakini inaweka orodha mpya tupu na kuitangaza diski nzima kuwa ni nafasi wazi, kitu chochote kitakachoingia baada ya hapo kina ruhusa ya kukaa juu ya picha zako. Angechagua fomati kamili tungekuwa tunazungumzia msiba mwingine kabisa, kwa sababu tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri diski nzima.

Hata hapo bado palikuwa na nafasi kubwa ya kuokoa. Alichofanya baadaye ndicho kilichoniandikisha haya.

Diski aliponirudishia ilikuwa na jina jipya, "New Volume", na juu yake kuna mafolda yamepangana: recup_dir.1, recup_dir.2, recup_dir.3, yanaendelea hadi unachoka kuyasogeza. Anayeijua kazi hii ameshaelewa. Hayo ni mafolda yanayotengenezwa na PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Inasoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za faili, mfano JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na kila inachokipata inakiweka kwenye folda za recup_dir. Ni programu nzuri na inaheshimika. Yenyewe diski inayookolewa inaisoma tu, haiiandikii. Ila lazima uiambie ihifadhi wapi inachookoa, na maelekezo yake yanakuonya usihifadhi kwenye sehemu ile ile unayookoa. Fundi wangu alichagua diski yangu hiyo hiyo!

Ni sawa na kuchimba kisima huku udongo unaurudishia humo humo. Kila picha aliyoitoa ilitafuta pa kukaa, na kwa kuwa kwa mujibu wa ile fomati diski yote ni tupu, ikakaa juu ya nyingine ambayo bado haijafikiwa. Programu inaokoa, inaua, inaokoa, inaua. Na zinazoumia zaidi ni faili kubwa, kwa sababu zimechukua eneo pana. Faili kubwa kwenye diski yangu zilikuwa zipi? TIFF za baba.

Diski ya pili ya kuhifadhia haikuwa tatizo. Nilimpelekea ile mpya, ikiwa kwenye boksi, nikamwambia uweke humu. Alinirudishia na plastiki yake haijachanwa.

Sasa mpate picha ya nilichopokea. Bibi mzaa baba amepigwa picha akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani, Muheza. Unaona ushungi, unaona paji la uso, unaona macho mawili yakitazama kamera. Chini ya macho kunakatika mstari ulionyooka kabisa, na kuanzia hapo ni kijivu, halafu karibu na mwisho kuna utepe wa rangi wa gauni la harusi ya mdogo wangu, la mwaka tofauti, kamera tofauti. Pua, mdomo, mikono, kile kiti, vyote vimekwenda. Picha pekee ya bibi ambayo anatazama kamera ilikuwa hiyo. TIFF nyingi za baba zinafunguka robo ya juu, kilichobaki ni chengachenga.

Huyu bwana anasema kazi imefanikiwa kwa sababu "zimerudi picha zaidi ya elfu arobaini". Mimi sikuwahi kuwa na picha elfu arobaini. Nikaanza kufungua. Mafaili kwa maelfu yana jina linaloanza na herufi t, ukubwa wa pikseli 160 kwa 120. Hivyo ni vijipicha ambavyo kamera na simu huficha ndani ya kila JPEG ili iweze kukuonyesha haraka kwenye kioo. Kijipicha hicho PhotoRec inakitoa kama faili ya peke yake, na yeye anakihesabu kama picha niliyorudishiwa. Ukikikuza unaona vigae vya rangi. Kuna mengine ni alama za programu na vibandiko ambavyo sijui vilitoka folda gani. Ndio "elfu arobaini" hiyo.

Majina nayo yamekwenda. Nilikuwa nimezipanga kwa mwaka na kwa tukio, kila folda ina faili ya maandishi inayosema nani amesimama wapi, maana shangazi ndiye aliyekuwa anatambua sura za watu wa zamani na ameshafariki. Leo zote zinaitwa f na namba ndefu, namba ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski, ilipokutwa. Zilizopigwa kwa simu na kamera angalau zina Exif, maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha, unaweza kusoma tarehe ukazipanga upya. Picha zilizoskaniwa, tarehe ndani yake ni ya siku ya kuskani. Nani atanieleza yupi ni babu mdogo?

Ndugu wamejitahidi, wamenirushia walizonazo kwenye WhatsApp. Nawashukuru kwa dhati. Lakini picha ikipita kule kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa na Exif inaondolewa, kwa hiyo ninachopata ni kivuli cha nilichowatumia mimi mwenyewe.

Na ile "diski yako imekufa"? Mpwa wangu anafanya kazi za seva. Kabla ya lolote alichukua nakala pacha ya diski nzima kwa programu ya ddrescue, sekta kwa sekta, akaifanyia kazi ile nakala na diski yenyewe akaiweka pembeni. Kisha akasoma hali ya afya ya diski: sekta zilizohamishwa kwa ubovu sifuri, sekta zinazosubiri kuhamishwa sifuri. ddrescue ilisoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote. Diski nzima nzima! Hakukuwa na kilichokufa. Palikuwa na orodha iliyovurugika, na mtu aliyeamua kumwambia mteja uongo kuliko kusema hajui.

Mpwa ndiye aliyenionyesha ilivyopaswa kwenda. Nakala pacha kwanza, kazi yote juu ya nakala. Jaribu kurudisha mpangilio wa mafolda kutoka kwenye mabaki ya orodha, na PhotoRec iwe ya mwisho, kwa sababu yenyewe haijui majina wala mafolda. Chochote kinachookolewa kinakwenda diski nyingine. Hakuna mtambo wa mamilioni hapo. Ni subira ya usiku mmoja na diski tupu, ambayo mimi nilimpelekea.

Mafundi mnaosoma hapa, najua wapo waaminifu na nimeshafanya nao kazi. Kusema "hii siiwezi, peleka kwingine" hakuna aibu. Diski ingekuwa inagonga au inalia, na mtu akaifungua mezani pale vumbi la barabara linapoingia, hilo nalo lingekuwa uharibifu, na nimeona watu wanafanya. Kichwa cha kusomea kinaelea umbali wa nanomita chache juu ya sahani, punje moja ya vumbi inatosha. Simu ikiharibika unanunua nyingine. Bibi yangu nimnunue wapi?

Hela. Anadai laki na nusu iliyobaki, na alikataa kunipa diski mpaka nilipowapigia wanaume wa nyumbani wakaja kusimama pale dukani. Hiyo laki na nusu hataiona. Ile ya kwanza naitaka irudi, ila kusema kweli siyo inayoninyima usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kijana wake wa kaunta, katika kujitetea, aliniambia: "Mbona zingine tunazo kwenye mashine yetu, dada, ukitaka tunakurushia." Yaani kuna picha za familia yangu, za watoto wakioga uani, za mama akiwa kitandani hospitali, za maiti ya baba kabla ya kuzikwa, kwenye kompyuta ya duka ambalo kila mtu anaingia na kutoka. Sikuwaruhusu kubakiza hata moja. Nilipomuuliza fundi mwenyewe, akasema kijana hajui anachosema, na akakataa nisiangalie mashine.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Barua nimeshaiandika. Nimeambatanisha risiti, ile sauti ya WhatsApp, na picha za skrini za recup_dir. Ninachodai ni vitu viwili: mpwa wangu akae kwenye ile mashine anakili kila picha yetu iliyomo, maana huenda humo kuna TIFF nzima ambazo kwangu zimekatika, halafu zifutwe sisi tukiwa tunaangalia.

Kwa hiyo naomba msaada wa watu wawili. Aliyewahi kupeleka lalamiko la aina hii kwenye Tume, anieleze walimtaka nini zaidi ya barua. Na mwenye uzoefu wa kuunganisha TIFF zisizobanwa ambazo vipande vyake vimekaa sekta tofauti, aje. Nakala pacha ipo, ukubwa kamili, na diski yenyewe imewekwa pembeni.