Treni inafika saa 4:08, basi limeondoka saa 4:05: maeneo ya hifadhi ya Uingereza ni ya wenye magari peke yao?

Ndugu wanajukwaa,

Nimengoja siku tatu hasira ipoe ndipo niandike, lakini naona haipoi. Jumamosi iliyopita nilimchukua shangazi yangu, aliyekuja kututembelea huku Uingereza kwa wiki chache, nikampeleka kuona vilima na mabonde ya mojawapo ya maeneo ya mashambani yanayolindwa na sheria kwa sababu ya uzuri wake. Mimi sina gari. Nililiamini tangazo la eneo lenyewe, ambalo linawasihi wageni waache magari nyumbani na waje kwa treni na basi.

Treni ilifika saa 4:08 asubuhi, bila kuchelewa hata dakika moja. Basi la kwenda kijijini, ambalo kituo chake kiko ng'ambo ya barabara mkabala na mlango wa stesheni, lilikuwa limeondoka saa 4:05, nalo bila kuchelewa. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa kuwa dereva hakukosea na treni haikukosea; tulilikosa basi kwa mujibu wa ratiba, kama atakavyolikosa kila mtu atakayeshuka kwenye treni hiyo Jumamosi ijayo na ile itakayofuata. Lililofuata lilikuwa la saa 6:05. Shangazi aliuliza mara moja tu, "Mwanangu, hawa wenye treni na hawa wenye basi hawajuani?" kisha akafungua kitenge chake, akajifunika magoti, akanyamaza.

Saa mbili hizo zilinipa nafasi ya kuichunguza ratiba iliyobandikwa kituoni. Iko ndani ya fremu ya plastiki iliyoingia maji, wino umevuja, na kona ya chini, penye ufafanuzi wa alama, imetafunwa na konokono. Sitanii: konokono mwenyewe alikuwa bado amejibandika humo ndani, na njia yake ya ute ilipita juu ya safari zote za mchana. Kwenye safari ya kurudi ya saa 11:15 jioni palikuwa na herufi S. Kwa Kiingereza neno Jumamosi linaanza kwa herufi hiyo, nami nikaridhika kwamba basi letu la kurudi lipo. Bahati mbaya neno shule nalo linaanza kwa herufi hiyo hiyo. Basi la saa 11:15 hutembea siku za shule tu, na basi la mwisho la Jumamosi lilikuwa limeondoka saa 9:50 alasiri, katika msimu ambao jua linazama saa tatu usiku.

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye nguzo ilijibiwa na mashine iliyotuarifu kwamba ofisi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Tukaanza kutembea, kilomita sita, kwenye barabara nyembamba isiyo na njia ya waenda kwa miguu, iliyobanwa na ua wa miti pande zote mbili, na kila gari lilipopita ilitubidi tujibanze kwenye miiba. Shangazi ana miaka 68. Baada ya kilomita mbili hivi mkulima mmoja aliyekuwa na pikapu alitusimamia, akamwamuru mbwa wake ahamie nyuma, akatufikisha stesheni. Treni yetu ilikuwa imeshaondoka, na kwa kuwa tiketi za bei nafuu hutolewa kwa treni moja mahususi, nililipa nauli upya kwa watu wawili.

Sasa niseme kwa nini silichukulii jambo hili kama ajali ya siku moja. Maeneo haya hayakutengwa ili yatazamwe kupitia kioo cha gari. Aprili 24, 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi ili kudai haki ya kutembea huko, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kuyafikia maeneo ya mashambani, na Peak District, ambamo mlima huo umo, ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951. Kufikiwa kumo katika jina la sheria yenyewe. Lakini kijiji cha Hayfield, walikoanzia safari ile, hakina treni tangu Januari 1970, na pale palipokuwa na stesheni leo ni maegesho ya magari.

Hayfield haikuwa peke yake. Ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363, na nyingi zilizofungwa zilikuwa za mashambani. Ikasemwa kwamba mabasi yatajaza pengo. Kisha, kuanzia Oktoba 26, 1986, mabasi yote ya nje ya London yakaachiwa soko: kampuni ikajichagulia njia na saa zake, na halmashauri ikabaki kugharimia zile safari zisizo na faida kadiri yenyewe itakavyoona inafaa. Bajeti inapobana, basi la Jumapili na la jioni ndiyo hukatwa kwanza, yaani yale yale anayoyahitaji mtu ambaye siku yake ya kutembea ni mwisho wa juma.

Nakiri kwamba pako mahali panapofikika. Ukishuka Edale, kwenye reli ya kati ya Manchester na Sheffield, unatembea kidogo tu na kuufikia mwanzo wa njia ndefu ya Pennine, na huhitaji basi la mtu yeyote. Kule Yorkshire Dales mabasi mengi ya Jumapili yapo kwa sababu kampuni ya kijamii inayotegemea watu wa kujitolea inayahangaikia. Nawashukuru sana, ila najiuliza kwa nini huduma ya msingi katika hifadhi ya taifa itegemee moyo mwema wa wastaafu.

Wala asiniambie mtu kwamba haiwezekani basi kusubiri treni. Uswisi, tangu mwaka 1982, ratiba ya nchi nzima imepangwa kwa vipindi vinavyojirudia ili vyombo vikutane stesheni. Hifadhi yao ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1914, unaifikia kwa kushuka treni Zernez na kupanda basi la njano la posta, ambalo lina vituo ndani ya hifadhi yenyewe. Milima yao ni mirefu kuliko yetu, na theluji yao ni nyingi zaidi.

Niliandika malalamiko sehemu tatu. Kampuni ya treni imejibu kwamba mabasi hayaihusu. Kampuni ya basi imejibu kwamba saa za treni hubadilika mara mbili kwa mwaka, hivyo haiwezi kuzifuata. Ofisi ya eneo la hifadhi imenishukuru kwa maoni yangu na kuniambatishia ramani ya maegesho.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Aliyewahi kulalamika kuhusu basi la mashambani na saa zake zikabadilishwa kweli, hata kwa dakika tano, anieleze aliandika kwa nani: diwani, mbunge au halmashauri ya mkoa. Basi letu linahitaji dakika kumi tu. Na kama mnaijua njia ambayo nitaweza kumpeleka shangazi Jumamosi hii kabla hajarudi nyumbani, bila kutembea tena barabarani, iandikeni hapa chini pamoja na saa ya basi la mwisho la kurudi.