Kamati ya skuli imepitisha faini ya mpeta, nitie saini?

Fundi Charahani, Wete

Assalamu alaykum. Naomba ushauri, na naomba mnivumilie maana khabari yenyewe ndefu.

Mimi ni mzazi, na tangu mwezi wa tano ni mjumbe wa kamati ya skuli yetu ya msingi huku mashamba ya Wete. Skuli siitaji. Kazi yangu ni kushona, nina charahani mbili hapa barazani, na nahisi nilichaguliwa kwa kuwa siku ya mkutano nilikaa mbele nikakosa pa kujificha.

Msimu huu mikarafuu imezaa mpaka matawi yanavunjika, na watoto wote wameingia kwenye mpeta. Kwa walio mbali na Pemba: mpeta ni zile karafuu zinazoanguka chini wakati wa kuchuma. Watoto huingia chini ya mikarafuu wakaziokota mojamoja mpaka kikopo kikajaa. Jumatatu moja mwalimu wa darasa la tano aliita majina, kati ya watoto 61 wakaitika 23. Alitufungulia rejista tukaona wenyewe.

Tukaitana kikao. Wajumbe tuko 11, tulifika 7. Mwenyekiti akaja na hoja yake tayari: mzazi ambaye mtoto wake hakuja skuli na si mgonjwa, atoe shilingi 5,000 kwa kila siku, pesa ziingie mfuko wa skuli. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wetu, akauliza kama uwezo huo tunao. Akajibiwa, "Kamati ndiyo wazazi." Mikono ikanyanyuliwa. Na wangu ulikuwemo, siwafichi.

Nimerudi nyumbani sikulala. Mwenyekiti wetu ananunua mpeta. Kila magharibi, ubavuni mwa nyumba yake, watoto wanapanga foleni na vikopo vyao, naye anapima kwa kopo la maziwa. Watoto ndio hao hao waliokosekana kwenye rejista.

Na mimi si msafi sana. Mwezi uliopita nimeshona sare 14, na 9 katika hizo nimelipwa kwa noti zinazonuka karafuu. Mama mmoja kaja na binti yake wa darasa la nne, na aliyetoa pesa ni binti. Kazifungua kwenye pembe ya mtandio, elfu mojamoja, kahesabu mwenyewe. Sasa huyu ndiye nimtoze 5,000 kwa siku alizokuwa akitafuta pesa ya sare ya kuendea skuli?

Jumamosi baada ya alasiri muhtasari unathibitishwa na kila mjumbe atie saini. Nitie? Na nikikataa, nikatae kwa mdomo gani, maana mkono niliunyanyua?

---

Maalim Mstaafu

Waalaykum salaam Fundi. Nimekaa na kamati za skuli miaka mingi, nikiwa mwalimu mkuu Unguja na Pemba, kwa hiyo hili nalijua kwa ndani.

Faini hamna uwezo nayo. Faini hutozwa na mahkama, au na chombo kilichopewa uwezo huo kwa sheria. Kamati ya skuli kazi yake ni kuisaidia skuli: kufuatilia mahudhurio, kusimamia matengenezo, kuwaita wazazi, kuliinua boma la madarasa mpaka Serikali ije iezeke. Elimu yetu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na Sheria ya Elimu iliyokuja baadaye ni Namba 6 ya mwaka 1982. Pesa ikishaingia baina ya mtoto na mlango wa darasa, kwa jina la faini au la mchango, mnagusa pabaya. Mzazi mkaidi njia yake ipo: anaitwa na mwalimu mkuu, akipuuza anapelekwa kwa sheha, kisha jina linafika kwa afisa elimu wa wilaya.

Sasa saini. Hapa wajumbe wengi wanachanganya. Unapothibitisha muhtasari huthibitishi kwamba umeridhika, unathibitisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa. Kama walisema faini na ikaandikwa faini, tia saini, huo ni ukweli. Halafu subiri ajenda inayofuata, yatokanayo na muhtasari. Hapo nyosha kidole, sema umefikiri tena, omba lijadiliwe upya na kauli yako iandikwe. Mtu kurudi nyuma kwenye kikao si aibu. Mimi nimeshawahi kurudi nyuma mara mbili katika kikao kimoja, tena juu ya rangi ya kupaka choo.

La mwenyekiti usilianzishe wewe. Mwombe katibu aulize kikao kizima: yupo mwenye maslahi na jambo hili? Mwenye maslahi hujieleza, akatoka nje wenzake wakaamua.

---

Kijana wa Mkoani

Maalim, akiuliza hivyo Pemba nzima itatoka nje, mtabaki na kiti na meza 😂

Lakini Fundi, huyo mwenyekiti wako ana jambo jengine. Karafuu kwa sheria huuzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Mtu anayepima kwa kopo la maziwa magharibi hatakiwi hata kunyanyua mkono wake kwenye kikao cha faini.

---

Mama Wawili

Mimi nitasema la upande wa chini ya mkarafuu, maana naona hapa wanaume mnazungumza vikao tu.

Nachuma kwa pishi kila msimu. Natoka nyumbani alfajiri, mtoto wa miaka minane nimwache na nani? Nikimwacha nyumbani ataletwa na wenziwe huko huko. Akiwa na mimi ataokota, hakuna mtoto wa Kipemba atakayekaa chini ya mkarafuu akaziangalia tu. Kwangu mwaka jana pesa ya mpeta ilinunua viatu vya skuli, madaftari na mafuta ya taa. Baba yao yuko dago, kambi ya uvuvi, tangu mwezi wa sita.

Sisemi wasisome. Wangu wa kwanza alikosa wiki tano akiwa darasa la tatu, mpaka leo jadweli ya kuzidisha ya saba inampiga chenga. Najuta. Lakini kama kamati ingekuja kunitoza elfu tano kwa siku, ningefanya kila mzazi atakalofanya: ningesema mtoto anaumwa tumbo. Mngekuwa na skuli nzima ya wagonjwa wa tumbo.

Nambieni jengine. Wanangu wanaingia mkondo wa mchana. Asubuhi wako huru, wanakwenda mpeta, saa sita hawarudi kwa sababu wamechoka na wananjaa. Wale wa mkondo wa asubuhi kwetu wanahudhuria vizuri zaidi, mpeta wanakwenda wakishatoka. Kamati yenu imeshaliangalia hilo?

---

Fundi Charahani, Wete

Mama Wawili, umenifumbua macho. Darasa la tano letu ni mkondo wa mchana. Nimekwenda leo kwa mwalimu mkuu tukaifungua rejista tena. La sita ni asubuhi: watoto 54, siku ile ile ya Jumatatu waliitika 47. Kikao kizima tulikuwa tunatazama darasa moja.

---

Mwalimu wa Kusini, Unguja

Fundi, sisi huku Paje na Jambiani tuna ndugu yake mpeta, mwani. Umeanza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, na tangu hapo rejista zetu zinakwenda na mwezi. Likija bamvu, siku za maji kujaa na kupwa sana, saa nne asubuhi pwani imekauka na kina mama wote wako kwenye mashamba ya mwani, na watoto nyuma yao. Yakija maji mafu, yasiyopwa sana, darasa limejaa. Mwalimu mgeni atadhani watoto wanaumwa kila baada ya wiki mbili.

Skuli niliyokuwepo, kamati iliomba yale madarasa yenye utoro mkubwa yahamishiwe mchana. Nyinyi, kwa alivyosema Mama Wawili, mnataka kinyume chake, waingie asubuhi. Tulipata shida moja tu, nayo ni kubwa: chuo cha Kurani. Walimu wa chuo walikuwa wanasomesha mchana, tukawaharibia. Ikabidi twende kwao kwa adabu, tukanywa kahawa nyingi sana, mpaka wakakubali kusomesha baada ya alasiri kwa wale wakubwa. Nenda kwa walimu wa chuo kabla hujaenda kwenye kikao. Wakilisikia kwa mtu mwengine, umekwisha.

Na muwe na muda maalum. Sema mpaka karafuu zimalizike. Ukisema daima, wale watakaotolewa asubuhi watawapandishia.

---

Maalim Mstaafu

Mwalimu kasema kweli kuhusu chuo. Niongeze tu: kubadilisha mkondo nako si kwa kauli ya kamati peke yake. Mnapendekeza, mwalimu mkuu anaandika kwa afisa elimu wa wilaya, mnasubiri jibu. Ambatisheni zile hesabu za rejista, 23 kwa 61 na 47 kwa 54. Barua yenye hesabu husomwa.

Sisi enzi zetu tulitolewa skuli na Serikali yenyewe tukachume karafuu, na tuliimba njiani. Dunia inageuka.

---

Fundi Charahani, Wete

Narudisha khabari kama mlivyonitaka.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa walimu wa chuo, wako wawili. Mmoja alikubali kabla kahawa haijapoa. Wa pili kasema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Jumamosi nilitia saini. Kwenye yatokanayo nikanyosha kidole, sauti ikinitetemeka, nikasema mkono wangu nilinyanyua kwa kufuata wenzangu na nauteremsha. Mwalimu mkuu akauliza suala la maslahi kama Maalim alivyoelekeza. Kimya. Nikaona nianze mimi: nikasema nashona sare na nalipwa pesa ya mpeta, kama kuna haja nitoke. Bi mmoja mjumbe akasema, "Kaa Fundi, mimi mumewangu amekodi mikarafuu." Mwengine akasema lake. Mwenyekiti alitazama saa, akasema ana udhuru, akamwachia kiti makamu wake.

Faini imefutwa. Barua ya kuomba darasa la nne na la tano waingie asubuhi mpaka msimu umalizike imeandikwa na hesabu ndani, na imepelekwa wilayani Jumatatu. Bado hatujajibiwa. Jana darasa la tano waliitika 29.

Magharibi foleni ya vikopo ipo pale pale. Kwangu mimi, mwenyekiti katuma mtu aje kuchukua vitambaa vya sare za wajukuu zake, vitatu, nilikuwa nimeshavikata. Nimempa pamoja na mabaki.