Naombeni ushauri: niache kufundisha niende kuhesabu nyangumi miezi minne?

Mwalimu_wa_Chumbageni:
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Tanga mjini. Nilimaliza shahada ya sayansi ya bahari miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nafundisha Baiolojia kwa kujitolea katika sekondari moja. Posho ni 150,000 kwa mwezi, na si kila mwezi inatoka. Mkuu wa shule anasema nafasi ya ajira ikija jina langu ndilo la kwanza. Anasema hivyo tangu siku niliyofika.

Sasa nimepata kazi Unguja, upande wa kusini, kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba. Asubuhi kwenye boti kutafuta nyangumi nundu na kuwapiga picha, mchana kuzunguka shule za vijijini kufundisha watoto habari za bahari. Ni 450,000 kwa mwezi na chumba juu yao. Nilipouliza baada ya Oktoba inakuwaje, nikajibiwa "tutaona".

Mama anasema mtu mwenye akili zake haachi ualimu akaenda kuhesabu samaki. Nikamwambia nyangumi si samaki, akasema basi hata hao. Niende? Na mliowahi kufanya kazi za msimu, ile miezi minane inayobaki mliishije?

PesaKwanza:
450,000 mara miezi minne ni 1,800,000. 150,000 mara miezi kumi na miwili, tena wakikulipa yote, ni 1,800,000. Nenda.

Nahodha_Mstaafu:
Marahaba binti yangu. Nimeendesha boti za watafiti misimu sita, nikwambie jambo ambalo kwenye usaili hawalisemi: nyangumi wanakuja na kusi. Wanatoka kwenye maji ya barafu huko kusini kabisa mwa dunia, wanakuja kwetu kupandana na kuzaa kwenye maji ya vuguvugu, na wanatufikia Julai na Agosti, wakati ambao mvuvi mwenyewe anaivuta ngalawa yake pwani. Kwa hiyo siku ambazo nyangumi wapo, bahari haitokeki. Sisi tulikuwa tunapanga kutoka mara tano kwa wiki. Tukitoka tatu tunashukuru. Na hata boti ikihimili, mawimbi yakianza kuvunjika meupe kila upande rudini tu, maana hutajua kipi mgongo wa nyangumi na kipi wimbi, na fomu utakayoijaza siku hiyo haina thamani. Basi kabla hujasaini uliza: siku boti haikutoka, nalipwa? Mimi mwaka wa kwanza sikuuliza. Taasisi yenyewe sitaitaja, lakini Agosti nzima nililipwa siku tisa.

La pili ni watalii. Kuna siku mtapakiwa pamoja nao, kwa sababu mafuta ya mashine lazima yalipwe na mtu. Mtalii anataka asogezwe, nahodha anataka bakshishi, na wewe ndiye utakayesema hapana. Mita 100, usisogee zaidi, usiwakate njia, na usiingie kamwe kati ya mama na mtoto. Mama yule huku kwetu hali kitu, au anaokoteza kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na humo humo ananyonyesha. Ukimkimbiza unamlia akiba yake ya safari ya kurudi.

Na usiku wa kwanza watakapokushushia kile kinasa sauti cha majini ukasikia dume anavyoimba, utanikumbuka.

Chonjo_Bin_Chonjo:
Mkiokota ambari, ile nta ya nyangumi yenye thamani, msisahau ndugu.

Nahodha_Mstaafu:
@Chonjo ambari inatoka kwa nyangumi mwingine, yule wa kilindini mwenye kichwa kama gogo. Nundu hana. Endelea na biashara yako ya chaja.

BintiMakunduchi:
Dada karibu kwetu. Mimi nasemea upande wa shule maana nimeufanya.

Hiyo ratiba ya "mchana shuleni" imeandikwa na mtu asiyeijua Unguja. Mchana watoto wako chuo, wanasoma Qurani. Ukienda na projekta yako saa nane utafundisha viti. Kaa na mwalimu mkuu, na ukamwone ustadhi wa kijiji pia, muombe siku moja kwa wiki. Wenye mitihani ya taifa usiwaguse wakati huo.

Swali la kwanza utakaloulizwa, nakuhakikishia, ni Nabii Yunus. Ndiye huyu aliyemmeza? Usianze kubishana wala kupima koo la nyangumi mbele ya watoto. Waambie hao ni viumbe wakubwa wa Mwenyezi Mungu, kisha waulize: samaki gani anamnyonyesha mwanawe? Hapo darasa zima linalipuka. Halafu toka nao uwanjani na kamba ya mita 15, mmoja ashike kichwa, mwingine mkia, wengine wajipange katikati. Mimi picha za ukutani niliacha kabisa baada ya ile kamba.

Na wazee wa Kizimkazi wasikilize kabla hujawafundisha. Kuna waliokuwa wanawinda pomboo wawe chambo cha papa, leo wanawapeleka wageni kuwaangalia hao hao pomboo. Wanajua kwa nini waliacha, na wanajua pia nani anafaidi.

Mtu_wa_Kilindoni:
Nijibu hilo la miezi minane, naona watu wanalikwepa.

Usitafute kazi ya mwaka, unganisha misimu. Nyangumi wakiondoka Oktoba, huku Mafia papa potwe ndio wanaingia, na tunao mpaka Februari hivi, bahari ikiwa shwari ya kaskazi. Kazi inafanana. Nundu unamtambua kwa chini ya mkia, weusi na weupe wake haufanani na wa mwingine. Potwe unamtambua kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya mashavu. Anayejua kupiga picha ya mkia kwenye boti inayoruka hatashindwa na madoa. (Na potwe ni samaki kweli, mwambie mama.) Masika yakifika ndipo pagumu. Mimi huwa nafundisha tuisheni, sioni aibu.

Kwa hiyo siku ya kwanza uwaombe mambo mawili kwa maandishi: jina lako liwemo kwenye ripoti, na uruhusiwe kubaki na nakala za picha zako. Kuna tovuti ya Happywhale ambako yeyote anapakia picha ya mkia, inalinganishwa na zilizopigwa kwingine duniani. Hiyo ndiyo barua yako ya utambulisho msimu ujao. Na wakikwambia uchangie hela ili ujitolee, ondoka. Hizo ni za wageni.

Mwalimu_wa_Chumbageni:
Ahsanteni sana, nimesoma mara tatu. Nimewaandikia kuhusu siku za upepo, bima na jaketi la kuokolea. Wamejibu: mshahara ni wa mwezi, siyo wa siku. Bima wanaishughulikia, kwa hiyo sijasaini. Habari ya chuo hawakuwa wanaijua, wameniomba nipange ratiba mwenyewe.

Mama sasa hoja yake ni kwamba boti nzima ni wanaume. Nimemwambia kuna dada mwingine, anataka kuongea naye kwa simu kwanza.

@Nahodha, mzee wangu, aibu kidogo: ile boti ya Pemba tu hunitapisha. Nifanyeje?

Nahodha_Mstaafu:
Tangawizi mbichi, tafuna kabla hamjang'oa nanga. Kaa katikati ya boti, macho upeo wa bahari, usiiname kwenye fomu, mwenzako aandike. Na asubuhi hiyo usile muhogo wa nazi.

BintiMakunduchi:
Muhogo wa nazi atakula kwangu akirudi.