Walimu wa fasihi, hivi mnawasomesha watoto au mnawahesabisha mizani tu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekereka.

Mdogo wangu yupo kidato cha tatu, wamepewa Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mama anayemuusia bintiye. Nikafurahi, nikajua hapa watoto watapata kitu. Nimepekua daftari lake: muundo, tarbia (mistari minne kila ubeti). Mizani, yaani silabi, nane kila mstari. Kina cha mwisho, a. Tamathali za semi, taja kwa mifano. Ujumbe: "jamii izingatie malezi bora." Imeisha hiyo! Sentensi hiyohiyo ipo kwenye desa (yale majibu ya kukariri) la kila kitabu, hata cha wezi wa mifugo.

Yule mama, Mwana Kupona mwenyewe, mzaliwa wa kisiwa cha Pate pwani ya Kenya, alitunga mwaka 1858, mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu. Anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima hata hajapata kumwambia neno jema. Miaka michache baadaye akafariki. Ule ni wosia jamani! Anamwambia ashike dini, awe na adabu na ulimi mwema, apendwe kila aingiapo. Halafu anafika kwa mume: amwangalie kama mtoto asiyejua kusema, akilala asimwamshe, ampapase, asikose wa kumpepea. Na asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi.

Sasa niambieni, darasa limejaa mabinti wa leo, linapita hapo kimya kimya likitafuta takriri, yaani maneno yaliyorudiwa? Hapo ndipo mwalimu alitakiwa aweke chaki chini aulize: lipi unalichukua, lipi unalikataa, kwa nini? Wangetoana jasho mpaka kengele ilie.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni hiki. Dogo aliandika kwamba lile la ulimi amelijaribu kwa shangazi yetu ambaye haziivi, na siku hizi wanasalimiana. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "Siyo hoja." Sifuri. Mwenzake aliyenakili desa kapata zote.

Msinielewe vibaya, mizani ina kazi yake. Ndiyo iliyofanya watu wahifadhi tenzi ndefu kichwani bila kitabu. Lakini walihifadhi ili wakikwama nyumbani wawe na la kushika.

Wa vyuo vikuu nanyi msicheke, nyie ndio wabaya zaidi. Mnamvika bibi wa watu nadharia ya ufeministi, mnamkuta na hatia, mnafunga faili. Kujiuliza kama kuna neno lake moja linalowahusu nyie na ndoa zenu, hamna.

Walimu mliomo humu, mje mnijibu. Na asije mtu na "mtihani ndivyo unavyotaka", maana mtihani mnautunga nyie nyie. Swali langu moja tu: mtoto akisoma wosia, akautumia, ukamfaa, kwenye mwongozo wenu wa kusahihisha anapata alama ngapi?