Nimejaribu kuvua trauti kwa nzi bandia mara ya kwanza, nzi wanakatika na samaki ananikataa, nakosea wapi?

MgeniMtoni

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mi nimezoea kuvua bwawani kwa minyoo na chelezo, hiyo naiweza tangu utotoni, ila juzi nimeenda mtoni kwa mara ya kwanza kuvua trauti kwa wale nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) na nimerudi nimechoka mwili na roho. Fimbo yangu ni futi 9 namba 5 (ndo namba ya uzito wa mshipi), mshipi ni ule mnene unaoelea, aliyeniuzia alinifungia kila kitu akaniambia we kaanze tu.

Kuna mambo mawili yamenishinda. La kwanza, narusha kwa nguvu zangu zote lakini mshipi unaanguka mbele yangu rundo moja, na mara kadhaa nimesikia nyuma yangu mlio "pa!" kama mjeledi, nikivuta kuangalia nzi hayupo. Nimepoteza nzi wanne hivyo na sijagusa hata tawi.

La pili ndo limeniuma zaidi. Kulikuwa na trauti namwona kabisa, kakaa pembeni ya jiwe kubwa upande wa pili wa mkondo, kila baada ya muda anapanda anadonoa kitu juu ya maji afu anashuka. Nimempitishia nzi wangu karibu na pua zaidi ya mara kumi, mara mbili alipanda akamfuata, akamtazama, akageuka. Mwisho nikasogea nimwone vizuri akapotea mazima. Nzi ni aina ya Adams, ndoano namba 14. Tatizo ni nzi au ni mimi?

FitoNdefu

Karibu sana mkuu, na usikate tamaa, huo mlio wa mjeledi ndo jibu lako la kwanza. Kwenye minyoo unachorusha ni ule uzito wa mwishoni, kipande cha risasi au chelezo, uzi unafuata tu nyuma yake. Huku ni kinyume, nzi hana uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe na ndo maana ukatengenezwa mnene, nzi ni abiria. Sasa mshipi ukienda nyuma lazima unyooke wote ndo uanze kuja mbele. We unaanza kuja mbele wakati nyuma bado umejikunja, ile ncha inageuzwa ghafla kwa kasi kubwa, inalia pa, na nzi anakatika hapohapo hewani.

Dawa yake ni kusubiri. Inua fimbo taratibu, ongeza kasi, simamisha ghafla, subiri, ndo uje mbele. Na geuza shingo uutazame mshipi unavyonyooka nyuma yako, mi mpaka leo nageuka. Mshipi ukiwa mrefu zaidi nje ya fimbo, unasubiri zaidi. Kuhusu fimbo isimame wapi, fikiria sura ya saa ya ukutani imekaa ubavuni kwako, mbele isimame pale mshale mfupi unapoonyesha saa nne, nyuma isimame saa nane, isizidi hapo. Wengi wanaotoka kwenye chambo wanakunja kifundo cha mkono, fimbo inalala nyuma mpaka mshipi unachapa majani. Kaza kifundo, kazi ifanywe na kiwiko.

Nguvu punguza nusu, afu punguza tena. Nenda kwenye nyasi, funga kipande kidogo cha uzi wa sufu badala ya nzi, dakika 15 kila siku, usitafute umbali, mita 8 zilizonyooka vizuri zinakutosha kabisa kwa kuanzia. Na vaa miwani na kofia kila unaporusha, hata ukiwa na uzi wa sufu, ili iwe mazoea, maana ndoano inapita karibu na jicho lako mara mia kwa siku.

MajiBaridi

Mi nijibu la pili maana huyo samaki wako namfahamu, nimekataliwa na wenzake miaka mingi 😀

Nzi hana kosa. Adams yupo tangu 1922, alitengenezwa Michigan kule Marekani, haigi mdudu mmoja maalum ila anafanana na wengi, kwa hiyo kama samaki alipanda mara mbili kumtazama maana yake sura aliikubali. Kilichomfukuza ni mwendo. Umesema yuko upande wa pili wa mkondo. Hapo katikati maji yanakimbia, pale pembeni ya jiwe yanatembea taratibu, mshipi wako umelala juu ya yale yanayokimbia, unapinda kama upinde na kumvuta nzi. Safari nyingine mtazame kwa makini, utaona anaacha nyuma yake mistari miwili midogo juu ya maji kama mtumbwi wenye injini. Mdudu wa kweli hana injini, anakwenda na maji. Mvuto mdogo tu ambao we huuoni, samaki anauona.

Kipimo changu ni povu. Chagua tone moja la povu linalopita pale alipo samaki, nzi wako atembee sawa na hilo tone, akilipita au akibaki nyuma umeshakosa. Kufanya hivyo, mshipi ukishaanguka tu, inua ile sehemu ya katikati kwa ncha ya fimbo na uilaze upande maji yanakotoka, taratibu bila kumgusa nzi. Utapata sekunde mbili tatu za kuelea bure na mara nyingi zinatosha.

Bora zaidi, badilisha mahali pa kusimama. Trauti anakaa uso ukiangalia maji yanakotoka kwa sababu chakula kinamjia toka huko, kwa hiyo mwendee toka nyuma, yaani upande maji yanakoelekea, inama, tembea polepole, rusha nzi aanguke kama mita moja mbele yake. Ulivyosogea "umwone vizuri" alikuona wewe kwanza. Kabla hata hujafungua mshipi simama dakika tano mbali na ukingo utazame tu. Mi nadhani hizo dakika tano zina samaki wengi kuliko boksi zima la nzi.

Kijito_77

Naheshimu waliotangulia ila kwa mtu anayeanza mi ningesema aanzie chini ya maji. Sehemu kubwa ya chakula cha trauti kinaliwa chini, wale wadudu wachanga kabla hawajaota mabawa. Mkuu we tayari unakijua chelezo, basi funga kiboya kidogo juu na nzi wa kuzama kama Pheasant Tail au Hare's Ear chini yake, rusha fupi, kiboya kikisita tu inua fimbo.

Afu kabla hujalaumu mjeledi kwa nzi wote wanne, tazama ncha ya uzi baada ya nzi kupotea. Ikiwa imejiviringa kama mkia wa nguruwe, hiyo haikukatika, fundo limeteleza. Lowanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, vuta polepole mpaka mizunguko ilale vizuri, afu livute kwa nguvu ulijaribu. Uzi mkavu unapata moto ukikazwa na unadhoofika.

MajiBaridi

Kijito uko sahihi kwa siku nyingi, ila samaki anayepanda juu kila dakika mbele ya macho yako huyo muendee juu. Kumwona akipanda kumchukua nzi wako ndo kitakachomrudisha mtu mtoni.

MgeniMtoni

Asanteni sana wakuu. Nimeangalia, nyuzi mbili zimekatika safi na mbili zina ule mkia wa nguruwe! Kwa hiyo ni yote mawili. Swali lingine, nikimpata nataka nimrudishe, namshikaje asife?

FitoNdefu

Minya mwiba wa ndoano kwa koleo kabla hujaanza kuvua, itatoka kirahisi. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga ngozi. Usimbane tumbo, usiguse mashavu anayopumulia, na asitoke majini zaidi ya muda unaoweza kubana pumzi we mwenyewe. Na maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi acha kuvua siku hiyo, maji ya moto yana oksijeni kidogo na samaki aliyepambana anaweza kuondoka anaogelea afu akafia mbele huko.

MgeniMtoni

Narudi na ripoti. Siku sita za nyasi, leo asubuhi nimerudi kwenye jiwe lilelile. Nimezunguka kwa chini nikapiga magoti kwenye changarawe, nikakaa nikihesabu povu. Alipopanda mara ya kwanza nikavuta hapohapo, nzi akanirukia usoni, asante kwa ile miwani. Nikasubiri kama nusu saa akaanza tena. Mrusho wa tatu nzi akaelea sambamba na povu, maji yakafunguka kidogo tu, pua ikatokea, nzi akazama nayo. Ana urefu wa kiganja na nusu hivi, ubavuni ana madoa mekundu kila moja na duara jeupe kuizunguka. Nilimshika kwa chini mkono ukiwa majini, uso kuelekea mkondo, mashavu yanafunguka na kufunga, nikadhani ameishiwa nguvu, ghafla akapiga mkia na kiganja kikabaki kitupu. Mikono inatetemeka hadi sasa hivi naandika.

Ila yule wa kwanza nilimkosaje? Si alikuwa kashapanda?

MajiBaridi

Hongera sana!! Madoa mekundu yenye duara jeupe huyo ni trauti wa kahawia. Wa kwanza ulimnyang'anya mdomo ukiwa bado wazi. Ukiona pua subiri mpaka afunge mdomo na kichwa kigeukie chini, ndo uinue fimbo, usivute, inua tu.