Mrejesho: Jina langu kuorodheshwa CRB kwa mkopo nilioulipa

Habari zenu ndugu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa nifanyeje, benki imeninyima mkopo kwa kuwa CRB (kampuni inayotunza rekodi za wakopaji) inaonyesha sijalipa deni la mkopo wa simu la shilingi 4,200, ilhali nililimaliza. Nawashukuru sana kwa majibu.

Aliyenishauri nichukue ripoti kutoka CRB zote tatu, si moja tu, Mungu ambariki. TransUnion, Metropol na Creditinfo kila moja hutoa ripoti moja bure kwa mwaka, kwa hiyo sikutumia hata senti. Deni lilionekana kwenye mbili, ya tatu ilikuwa safi.

Nilimwandikia mkopeshaji, nikaambatanisha taarifa ya M-Pesa yenye namba ya muamala. Kimya wiki mbili. Kilichosaidia ni kupeleka pingamizi CRB kwenyewe na ushahidi uleule, maana wao ndio walimbana ajibu. Moja ilirekebisha ndani ya wiki tatu. Ya pili ilinibidi nipige simu mara nne, na naona hapo wengi hukata tamaa.

Lakini si yote yaliyonyooka. Kuna mkopo mwingine niliochelewa kulipa kweli mwaka 2022. Huo haufutwi, unasomeka umelipwa na utabaki miaka mitano tangu nilipoumaliza. Alama zangu za ukopaji kwenye CRB zimepanda kidogo tu, na benki bado wamekataa. Chama changu cha akiba kimenikubalia nusu ya nilichoomba, na karo ya mtoto imelipwa.

Asanteni tena.