Mjadala: Mkoa wenye pato kubwa na watoto waliodumaa

Mtoa hoja

Kila Juni Bunge letu husomewa taarifa ya Hali ya Uchumi wa Taifa, na kila mara ubishi ni uleule: huyu ananukuu kasi ya ukuaji, yule anauliza mbona mfukoni hamna kitu. Swali la mfukoni, kwa maoni yangu, halifiki mbali, kwani mzazi anaweza kuwa na fedha na mtoto wake asikue ipasavyo.

Tazameni Nyanda za Juu Kusini. Iringa na Njombe ni mikoa ambayo pato la kila mkazi liko juu ya wastani wa taifa, kwa sababu ya mbao, chai, viazi mviringo na, siku hizi, parachichi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, na Njombe asilimia 50, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 30. Hiyo si mikoa ya njaa. Ndiyo inayolisha miji.

Gunia la viazi likipakiwa kwenye lori pale Makambako linaingia katika hesabu ya pato. Lakini mama aliyelilima gunia hilo alishinda shambani tangu alfajiri, akamwachia binti wa miaka minane kazi ya kumlisha mdogo wake uji mtupu wa mahindi, na pengo hilo la malezi halipunguzi chochote katika hesabu. Kwa kipimo chetu, kadiri mama anavyokosekana nyumbani ndivyo mkoa unavyoonekana kupiga hatua. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la huko mapema kabisa, mwaka 1934, kwamba ustawi wa watu hausomeki katika pato la taifa lao.

Mchangiaji

Takwimu sizikatai, ila tafsiri yake inanitia shaka. Vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na ule wa 2022 ukakuta 104. Vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji havikujengwa kwa nia njema. Vilijengwa kwa kodi na mikopo, na uchumi uliodumaa (neno ni lako) usingeweza kubeba gharama hiyo. Ukidharau pato, hao watoto wa Njombe utawatibu kwa fedha ipi?

Mtoa hoja

Pato silidharau, na mfano wako naukubali, ila naona unanisaidia mimi. Vifo vya uzazi vilishuka kwa sababu vililengwa: vilihesabiwa, na viongozi wa mikoa wakadaiwa maelezo. Pale tulipouachia ukuaji ufanye kazi peke yake, mwendo ulikuwa wa kobe: kati ya 2011/12 na 2017/18 umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu, katika kipindi ambacho karibu kila mwaka uchumi ulikua kwa asilimia 6 au zaidi. Hata shangwe ya Julai 2020, tulipoingia uchumi wa kati wa chini, ilitokana na kufikisha dola 1,080 kwa mtu wakati kizingiti kilikuwa 1,036. Tofauti ya dola 44 kwa mwaka haimwongezei mtoto hata yai moja kila siku.

Pendekezo langu ni dogo: Juni ijayo, udumavu wa kila mkoa usomwe bungeni kabla ya pato la mkoa huo, na waziri aulizwe maswali juu yake. Mlioko Njombe na Iringa, hasa kina mama, hebu tuelezeni: msimu wa kupanda viazi, mtoto hubaki na nani?